Kikosi Kichanga Hujua Kufunga Kabla ya Kujua Kulinda

Kila msimu wa mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani huzuka timu moja au mbili ambazo huwaacha mashabiki vinywa wazi huku makocha wao wakijikuna vichwa. Hizi ni timu za vijana wa miaka 18 na 19 waliotoka shule za sekondari wakiwa na sifa zilizovuma nchi nzima. Hukimbia kama swara, huruka kama nyani, na hufikisha pointi 90 bila ya kutokwa na jasho jingi. Hata hivyo, timu hizo hizo hushindwa na vyuo ambavyo havina mchezaji hata mmoja anayemezewa mate na ligi ya kulipwa. Hushindwa, si kwa sababu zimekosa kutia mpira kikapuni, bali kwa sababu zimekosa kuwazuia wapinzani wasitie.

Je, tatizo hili linatokana na nini? Jibu linalopatikana upesi vinywani mwa mashabiki ni kwamba vijana hao ni wavivu na wabinafsi, na kwamba mioyo yao imekwisha kuhamia kwenye mamilioni ya dola ya ligi ya NBA hata kabla ya miguu yao kufika huko. Jibu hilo ni rahisi na lina utamu wake, hasa kwetu sisi watu wazima tupendao kuwalaumu vijana. Lakini mgala muue na haki yake umpe. Ukiuchunguza mchezo wenyewe kwa makini, utaona kwamba uvivu ni sehemu ndogo mno ya maelezo. Sababu kubwa ni kwamba ulinzi ni elimu ya pamoja, na elimu ya pamoja haizaliwi na mtu. Hujengwa kwa muda, na muda ndicho kitu ambacho timu changa haina.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi vyuo vya Marekani vilivyofikia hali hii. Kabla ya mwaka wa 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuichezea timu kuu ya chuo katika mpira wa vikapu. Aliwekwa katika timu ya wachanga wenzake, akajifunza, akangoja zamu yake. Hii haikuwa na maana kwamba hakuwa na uwezo. Mwaka wa 1965, timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha UCLA, ikiongozwa na Lew Alcindor ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, iliibwaga timu kuu ya chuo hicho kwa pointi 75 kwa 60, ingawa timu hiyo kuu ndiyo iliyokuwa bingwa wa taifa. Kipaji kilikuwapo tangu hapo. Sheria ndiyo iliyokiambia kingoje.

Badiliko la pili lilikuja mwaka wa 2005, pale ligi ya NBA ilipokubaliana na chama cha wachezaji wake kwamba kijana asiandikishwe katika ligi hiyo kabla ya kutimiza miaka 19 na kabla ya mwaka mmoja kupita tangu darasa lake limalize sekondari. Kuanzia wakati huo, vijana bora kabisa wamekuwa wakipitia chuoni kama abiria wanaobadilisha gari: wanashuka, wanakaa mwaka mmoja, wanapanda lingine. Makocha kama John Calipari wa Kentucky na Mike Krzyzewski wa Duke walijenga vikosi vizima juu ya wasafiri hao. Kila mwaka walianza upya, na kila mwaka walikumbana na somo lile lile.

Mfano mwema ni timu ya Duke ya msimu wa 2017-18. Kati ya wachezaji watano walioanza michezo, wanne walikuwa wa mwaka wa kwanza: Marvin Bagley III, Wendell Carter Jr., Gary Trent Jr. na Trevon Duval. Wa tano, Grayson Allen, ndiye pekee aliyekuwa katika mwaka wake wa nne. Bagley alikuwa akifunga wastani wa pointi 21 katika kila mchezo, na si wengi waliotilia shaka uwezo wa kikosi hicho wa kushambulia. Lakini Desemba 2017, Duke ikiwa inashikilia nafasi ya kwanza nchini, ilifungwa na Boston College pointi 89 kwa 84. Januari 2018 ilipigwa na North Carolina State kwa pointi 96 kwa 85. Mwanzoni mwa Februari ikashindwa na St. John's, timu iliyokuwa imepoteza michezo 11 mfululizo. Timu inayofunga pointi 85 na bado ikashindwa haina njaa ya vikapu. Mlango wake ndio ulio wazi.

Ili tuelewe kwa nini mlango huo haufungiki kwa urahisi, tuutazame mchezo kwa jicho la mwalimu. Kushambulia kunaweza kuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye mpira anajua anakokwenda. Wengine wote wanakisia. Kijana mwenye kipaji aweza kumpita mlinzi, akaruka, akafunga, hata kama wenzake wanne wamesimama wakimtazama. Ulinzi hauna nafasi ya shujaa wa namna hiyo. Walinzi wanne wakifanya kazi yao barabara na wa tano akazubaa, basi wote watano wamezubaa, kwa kuwa mpira humtafuta yule yule aliyelala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Chukua mfano wa mbinu moja tu, ambayo huonekana mara nyingi katika kila mchezo. Mshambulizi mmoja anakwenda kusimama kama kigingi katika njia ya mlinzi ili mwenzake mwenye mpira apate kupita. Walinzi wawili wanaohusika wana njia kadhaa za kujibu. Mlinzi wa mwenye mpira aweza kujipenyeza mbele ya kigingi. Aweza kupita nyuma yake. Wawili hao waweza kubadilishana watu. Au wote wawili waweza kumvamia mwenye mpira ili aachie. Kila njia ina faida yake na hasara yake. Wakimvamia wawili, kuna mtu mmoja aliyebaki huru. Basi mlinzi wa tatu lazima aache mtu wake pembeni akimbilie katikati, na wa nne lazima awalinde watu wawili kwa wakati mmoja huku wa tano akiusubiri mpira utakaorudi kutoka ubaoni. Hayo yote hutendeka katika muda wa sekunde mbili au tatu, na timu inayoshambulia ina sekunde 30 za kuyarudia tena na tena.

Sasa jiulize: kijana wa miaka 18 ameyajifunzia wapi mambo hayo? Shuleni kwake yeye ndiye aliyekuwa mrefu kupita wote na mwepesi kupita wote. Akikosea hatua, aliruka tu akaugonga mpira ukatoka nje, na kosa lake likageuka kuwa sababu ya kushangiliwa. Mara nyingi kocha wake hakutaka apewe faulo akatolewa uwanjani, kwa hivyo alimficha kwa mpinzani dhaifu. Isitoshe, wengi wa wapinzani wake hawakuwa na shabaha ya kumwadhibu kwa mtupo wa mbali. Amefika chuoni akiwa na cheti cha ulinzi ambacho kwa kweli hakuwahi kukifanyia mtihani. Hapo anakutana na mtu wa miaka 22 ambaye, akipewa nafasi ya hatua moja tu, anatupa kwa utulivu na kuchukua pointi tatu.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa televisheni halioni kwa kuwa ni la kusikia. Timu yenye ulinzi mzuri hupiga kelele. Aliye nyuma humwambia wa mbele kwamba kigingi kinakuja kushoto. Anayebadilisha mtu hutamka. Anayekwenda kusaidia hutangaza, na anayebaki hujibu. Timu changa huwa kimya. Ukimya huo hautokani na kiburi. Mtu hawezi kutamka asilolijua kwa hakika, na kijana anayewaza lililo jukumu lake mwenyewe hana nafasi akilini ya kumwelekeza mwenziwe. Walimu wanaifahamu hali hii: mwanafunzi anayejifunza lugha mpya huwa kimya darasani, si kwa kukosa la kusema, bali kwa kuwa angali anatafuta maneno. Ulinzi nao ni lugha, na wachezaji wa mwaka wa kwanza wangali katika somo la msamiati.

Kama kulinda ni kugumu, kubadili mbinu mchezo ukiendelea ni kugumu zaidi. Kocha huita mapumziko mafupi, akachora ubaoni, akasema: tangu sasa tusibadilishane watu, tumvamie mwenye mpira. Kikosi kizoefu hupokea agizo hilo kama mtu anayeambiwa apite njia ya pili kwenda nyumbani kwake. Kikosi kichanga hulipokea kama mgeni aliyefundishwa njia moja tu mjini na sasa anaambiwa imefungwa. Kila mwalimu wa Kiswahili amesahihisha insha ya mwanafunzi aliyekariri utangulizi mmoja na kuutumia kwa kila swali, liwe la harusi au la mafuriko. Swali likibadilika kidogo, hana la kuandika. Marekebisho ya mchezo hayajengwi juu ya hewa. Hujengwa juu ya kuielewa mbinu ya kwanza, kwa nini ilichaguliwa, na wapi ina udhaifu. Asiyejua kwa nini alisimama hapa hawezi kujua kwa nini ahame.

Na muda wa kufundisha haya yote ni mfupi. Sheria za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, haziruhusu zaidi ya saa 20 za mazoezi na mashindano kwa juma wakati wa msimu. Michezo huanza Novemba, na mtoano mkuu huwa Machi. Katika miezi hiyo michache kocha anatakiwa afundishe mashambulizi, ulinzi, mitupo, hali maalumu za dakika za mwisho, na bado vijana waende darasani. Anapoona maji yamezidi unga, kocha mwenye busara hupunguza masomo. Ndivyo alivyofanya Krzyzewski mwezi Februari 2018. Baada ya kung'ang'ana kwa miezi mitatu na ulinzi wa mtu kwa mtu, ambao ndio uliokuwa nembo yake kwa miaka mingi, aliwapa vijana wake ulinzi wa eneo, ambapo kila mchezaji hulinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mtu fulani. Maamuzi yakapungua, na timu ikaanza kufungwa pointi chache.

Hata hivyo, kila dawa ina uchungu wake. Ulinzi wa eneo huacha mianya kwa watupaji wa mbali, na kwa kuwa mlinzi hana mtu wake maalumu, ni vigumu kwake kumzuia mpinzani asiunyakue mpira unaorudi kutoka ubaoni. Tarehe 25 Machi 2018 mjini Omaha, mshindi akitarajiwa kuingia nusu fainali ya taifa, Duke ilikutana na Kansas, timu iliyokuwa na Devonte' Graham na Sviatoslav Mykhailiuk, wote wa mwaka wa nne. Mykhailiuk alitupa mtupo wa pointi tatu na kusawazisha sekunde chache kabla ya kipenga. Katika muda wa ziada, Malik Newman wa Kansas alifunga pointi zote 13 za timu yake, na Duke ikaaga kwa 85 kwa 81. Mtu mmoja alifunga kila pointi kwa dakika tano, na jibu halikupatikana. Nionavyo mimi, kikosi hicho kilikuwa kimejifunza kufuli moja vizuri. Mwizi alipopata ufunguo wake, halikuwapo la pili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni majaliwa ya kila timu changa. La hasha! Chuo hicho hicho na kocha huyo huyo walikwisha kulipita shimo hilo miaka mitatu kabla. Januari 2015, Duke ikiwa na wachezaji watatu wa mwaka wa kwanza miongoni mwa watano wa kuanza, yaani Jahlil Okafor, Justise Winslow na Tyus Jones, ilifungwa pointi 87 na North Carolina State, na siku mbili baadaye ikafungwa pointi 90 na Miami nyumbani kwake. Juma hilo hilo Krzyzewski alitumia ulinzi wa eneo na kuishinda Louisville kwa 63 kwa 52. Lakini mara hiyo ulinzi wa eneo ulikuwa gongo la kumsaidia mgonjwa atembee wakati mguu unapona, na mazoezi ya kumlinda mtu kwa mtu hayakuachwa. Ilipofika Machi na Aprili, Duke ilicheza michezo sita ya mtoano wa taifa, na hakuna mpinzani hata mmoja aliyepita pointi 63. Ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Wisconsin 68 kwa 63, baada ya kuachwa nyuma kwa pointi tisa katika kipindi cha pili.

Tofauti ya vikosi hivyo viwili ilikuwa wapi? Si katika vipaji, kwani vyote vilijaa vijana walioandikishwa NBA. Mojawapo ya tofauti ni kwamba kikosi cha 2015 kilikuwa na Quinn Cook wa mwaka wa nne na Amile Jefferson wa mwaka wa tatu, ambao walikuwa manahodha wenye sauti na waliokwisha kuyaonja machungu ya kushindwa. Kile cha 2018 kilimtegemea Allen peke yake. Penye wazee haliharibiki neno, na katika timu ya chuo mzee ni kijana wa miaka 21 au 22. Huyo ndiye mwalimu aliye uwanjani wakati kocha amezuiwa na mstari wa pembeni.

Ushahidi mwingine unatoka Kentucky. Mwaka wa 2012 chuo hicho kilitwaa ubingwa kikiwa na wachezaji watatu wa mwaka wa kwanza katika kikosi cha kuanza, na kilisifika kwa ulinzi. Anthony Davis pekee alizuia mitupo 186 msimu huo. Mtu wa namna hiyo chini ya kikapu hufuta makosa ya wenzake kama mwalimu anavyofuta ubao. Lakini tusisahau kwamba nao walikuwa na Terrence Jones na Doron Lamb wa mwaka wa pili, na Darius Miller wa mwaka wa nne. Miaka miwili baadaye, Kentucky ilianza na vijana watano wa mwaka wa kwanza, ikayumba msimu mzima, kisha ikaamka mwezi Machi na kufika fainali. Huko ilishindwa na Connecticut kwa 60 kwa 54, timu iliyoongozwa na Shabazz Napier wa mwaka wa nne. Funzo ni kwamba ujana si hukumu ya maisha. Ni deni linalolipwa kwa muda, au kwa kuwapo kwa mtu anayejua.

Siku hizi deni hilo limepanda riba. Tangu mwaka wa 2021 wachezaji wameweza kuhama chuo na kucheza papo hapo, na waliocheza wakati wa janga la korona waliongezewa mwaka mmoja. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 18 hukutana na wanaume wa miaka 23 na 24. Aprili 2025, katika nusu fainali ya taifa mjini San Antonio, Duke ya kocha Jon Scheyer iliingia na vijana watatu wa mwaka wa kwanza: Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia hapa jirani zetu Uganda. Kikosi hiki kilijua kulinda. Msimu mzima kilikuwa miongoni mwa bora nchini kwa ulinzi. Kiliiongoza Houston kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, na kwa pointi sita dakika ya mwisho. Houston ikabana uwanja mzima, ikanyang'anya, ikagombea kila mpira uliorudi, ikafunga pointi tisa mfululizo na kushinda 70 kwa 67. Makosa ya dakika hiyo hayakuwa ya wachanga peke yao. Lakini aliyesimama kutupa mitupo miwili ya bure iliyoipa Houston uongozi alikuwa J'Wan Roberts, aliyekuwa ameishi na kocha wake Kelvin Sampson kwa miaka mingi, na hakutetemeka.

Mwalimu wa michezo katika shule zetu atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Yeye naye hupoteza wakubwa wake kila mwaka, akabaki na wachanga wenye miguu mizuri na masikio mapya. Asiwaite wavivu kabla ya kujiuliza amewafundisha nini. Afadhali kikosi kijue mbinu mbili za ulinzi hadi mifupani kuliko kijue sita kwa majina. Awazoeshe kusema uwanjani tangu siku ya kwanza ya mazoezi, hata kama sauti zao zinatetemeka. Awaeleze sababu ya kila hatua, maana agizo lisilo na sababu husahaulika mara tu mpira unapobadili upande. Na yule wa darasa la mwisho, hata kama si mfungaji bora, apewe dhamana ya kuwaelekeza wadogo zake. Aidha, mwalimu ahesabu hadharani yale yasiyoandikwa ubaoni: nani alimsaidia mwenzake, nani aliziba pengo, nani alitamka kwa wakati. Mtoto hulipenda lile ambalo mkubwa wake analihesabu.

Nanyi wanafunzi mnaocheza, msikate tamaa mnapofungwa pointi nyingi katika muhula wa kwanza. Kufunga kikapu mmekuja nako kutoka nyumbani. Kulinda mtakujua mkiwa pamoja, na hamwezi kukujua kabla ya kujuana. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hata aliye mbichi hakunjwi kwa pigo moja.